Mtoto Akikwama Shuleni Texas, Usikubali "Asubiri Kiingereza"

Ba mama wenzangu wa Fort Worth, Abilene na kwingine Texas: mwalimu akikuambia mtoto yuko nyuma kwa sababu Kiingereza bado ni kigeni, mjibu kwa habari za nyumbani. Kijana wangu alizaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania. Hata kwa Kibembe, lugha yetu ya nyumbani, ukimtuma vitu viwili analeta kimoja, au anarudi mikono mitupu. Wadogo zake walianza Kiingereza siku moja naye, wakampita. Basi shida si lugha. Sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, inakataza mtoto kuhesabiwa mlemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza; haisemi popote kwamba mwenye shida angoje mpaka akijue.

Ombi lako liandike. Ukiomba kwa mdomo pale mlangoni, hakuna atakayekumbuka ni lini. Mpe mkuu wa shule barua yenye tarehe, ubaki na nakala: "Naomba mwanangu, wa darasa la tatu, afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu. Hakumbuki maagizo hata kwa lugha ya nyumbani. Naomba pia mkalimani wa Kiswahili." Inatosha. Tangu barua ifike, Texas inawapa siku 15 za shule kukujibu: wakuletee karatasi ya ruhusa usaini, au wakatae kwa maandishi na sababu zao. Ukishasaini, ripoti itoke ndani ya siku 45 za shule. Mtoto akikosa shule siku 3 au zaidi katika muda huo, zinaongezwa, kwa hiyo usimbakize nyumbani ovyo.

Wengi huogopa saini hiyo. Ni ya kupimwa tu. Huduma zenyewe zina saini yake baadaye.

Siku ya kuhojiwa kwa ajili ya tathmini, eleza tangu uzazi: homa kali, degedege, alianza kusema lini, miaka aliyokosa shule. Taja lugha zote za nyumbani, Kibembe usikifiche ukidhani ni aibu. Na dada yake asiwe mkalimani. Hilo ni jukumu la shule.

Ripoti ikija, kinafuata kikao cha ARD, yaani kamati ya shule na mzazi inayoamua kama mtoto apewe elimu maalumu. Utakuta watu wengi mezani, kila mmoja na kompyuta yake. Wewe ni mjumbe kama wao. Usipokubaliana nao, sema, wakupe nafasi ya kukutana tena ndani ya siku 10 za shule. Kama tathmini yenyewe ndiyo huiamini, omba nyingine ya mtaalamu wa nje: wilaya ya shule ilipe, au iende mbele ya msikilizaji wa kesi kutetea ya kwake.

Msione nawafundisha ukorofi. Kuanzia 2004 jimbo hili lilikuwa na lengo kwamba wanafunzi wa elimu maalumu wasizidi asilimia 8.5 ya wote, na wilaya zikawa zinabana milango. Mwaka 2018 serikali kuu ilitamka kwamba Texas ilivunja sheria. Mzazi aliyekaa kimya miaka ile, huenda mtoto wake hakupimwa.

Mpango wa elimu maalumu wa mtoto, wanaouita IEP, huja kwa Kiingereza kurasa nyingi. Omba tafsiri ya Kiswahili, ya maandishi au ya kurekodiwa kwa sauti. Sheria ya Texas inaitaka wilaya ijitahidi kweli kuipata. Mimi nilichagua ya sauti, maana baba yake hurudi kazini usiku na kusoma hapendi.