Jinsi ya kuyafuata maji ya ziwa letu, Victoria, mpaka yanapogeuka umeme

Fungua ramani kwenye simu, anzia hapa Mwanza upandishe kaskazini mpaka Jinja, Uganda, maana mto unaotoka ziwani ni mmoja tu, Nile. Zumu hapo. Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika huku kwetu 1858, akaja kuyaona maporomoko ya Ripon 1862, ila usihangaike kuyatafuta, yalishamezwa na maji ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954, siku hizi wanaliita Nalubaale. Sasa shuka na mto (ndiyo, unashuka huku unaenda kaskazini): bwawa la umeme la Bujagali, megawati 250, halafu la Isimba, ukishavuka ziwa Kyoga kaza mwendo mpaka Karuma, megawati 600, hapo mitambo huioni kabisa coz imechimbiwa chini ya ardhi, mi ndo napakubali kuliko kote. Bando likiwa dogo zima setilaiti, inakula MB balaa.