Jinsi ya kupima mafuriko ya ziwa la barafu yaliyokwisha kupita

Ziwa la mlimani linaloshikiliwa na barafuto (barafu nene inayoteremka polepole mlimani), au na tuta la mawe lililoachwa na barafuto (moreni), likipasuka, maji humalizika kwa saa chache. Mawe hubaki bondeni karne na karne. Mimi niko Mombasa, na wanafunzi wangu huwafundishia Mto Mwache, kule Mazeras. Maji husukuma mawe kwa kanuni zile zile, yawe ya barafu au ya masika.

Hatua ya 1: Tafuta pengo. Fungua picha za setilaiti utazame moreni. Penye mpasuko utaona pengo kama herufi V, na chini yake mawe yametandazwa kwa umbo la upepeo. Pengo la ziwa Palcacocha, Peru, lililofunguka tarehe 13 Desemba 1941 na kuuangamiza sehemu ya mji wa Huaraz, linaonekana hadi leo. Picha za setilaiti za Landsat zipo tangu 1972, tena ni za bure. Ukiona ziwa limenywea ghafla kati ya picha mbili, tarehe umeshaibana.

Hatua ya 2: Hakikisha jiwe limeletwa na maji. Hapa ndipo wengi huteleza, nami niliteleza. Pale Mwache niliwahi kupima jabali la mita 3, hesabu ikanipa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Nikafurahi. Niliporudi kesho yake niliona kingo zake bado kali, na juu ya genge pana kovu jeupe lenye umbo lake hasa. Lilikuwa limeporomoka tu, maji hayakuligusa. Tangu siku hiyo nataka dalili tatu kabla ya kutoa tepu: kingo zimelainika, jiwe liko mbali na genge, na mawe bapa yamelaliana kama makuti ya paa, yakiinamia kule maji yalikotoka. Kwenye mabonde ya barafu ongeza tahadhari, kwani barafuto nayo hubeba majabali na kuyatelekeza popote.

Hatua ya 3: Pima. Chagua mawe matano makubwa kuliko yote. Usipime urefu wala unene, pima upana, yaani kipimo kilicho kati ya hivyo viwili. Kanuni ya mtafiti Costa ya 1983 ni hii: kasi (mita kwa sekunde) = 0.18 × upana (milimita) ukipandishwa kipeo cha 0.487. Wastani wa milimita 1,000 utakupa kama mita 5.2 kwa sekunde.

Hatua ya 4: Tafuta kimo cha maji. Nenda kwenye midomo ya vijito vya pembeni. Mafuriko yakipanda, maji hurudi nyuma humo, hutulia, na kuacha mchanga laini. Tabaka la juu kabisa ni kimo cha chini kabisa ambacho maji yalifika. Huenda yalipanda zaidi. Chora mkato wa bonde hapo, yaani umbo lake kutoka ukingo hadi ukingo. Upana wa mita 40 na kina cha wastani cha mita 3 ni mita za mraba 120. Zidisha kwa kasi ya 5.2, unapata takriban mita za ujazo 620 za maji kwa sekunde.

Hatua ya 5: Tarehe. Kama picha hazikutosha, tafuta makovu ya miti na mabaki ya mimea ndani ya mchanga ule, yapimwe umri kwa kaboni. Waulize wazee pia. Ziwa Dig Tsho, Nepal, lilipasuka tarehe 4 Agosti 1985, na wapo walioshuhudia.

Ukiandika ripoti, toa kiwango cha chini na cha juu. Rudia hesabu kwenye mikato miwili mitatu ya bonde. Zikipishana mno, rudi hatua ya 2.