Kujaribu keki na krimu ya harusi kabla ya siku yenyewe

Keki ya harusi haijaribiwi kwa ulimi peke yake. Kipande kilichosifiwa sebuleni jioni hakijathibitisha lolote kuhusu saa nane mchana chini ya hema la Kisumu, ambako joto hukaribia nyuzi 30 na siagi hulegea hata kabla ya kufika hapo. Somo hili ni la mpishi wa nyumbani aliyekubali kuoka keki ya jamaa yake na ambaye bado ana wiki kadhaa.

Hatua ya kwanza: Pima kila kitu kwa gramu, kwa sababu vikombe vya nyumbani havilingani. Oka nusu ya kipimo, na kila unapojaribu tena badilisha kitu kimoja tu. Ukipunguza sukari na kuongeza mayai kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichoiponya keki.

Hatua ya pili: Onja siku ya pili na ya tatu, maana keki ya harusi huokwa mapema. Iliyookwa kwa mafuta ya maji hubaki laini, ilhali ya siagi huwa na ladha nzuri zaidi lakini hukauka upesi isipofungwa vyema.

Hatua ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, ni krimu. Tengeneza tatu ndogo: ya siagi tupu, ya siagi yenye robo ya mafuta ya kupikia yanayoganda, na ya nusu kwa nusu. Zipake kwenye keki ndogo, chora ua juu ya kila moja, kisha uziweke nje kivulini kuanzia saa saba na kuzikagua kila nusu saa. Dalili ya kwanza ni mng'aro kama wa jasho. Baadaye ncha za ua huwa butu, na mwishowe krimu huteremka ubavuni. Ya nusu kwa nusu itasimama muda mrefu zaidi, ila huacha utando kinywani, na kwa maoni yangu ile ya robo yatosha ikiwa keki itatolewa ndani baada ya hotuba, hata hotuba zikirefuka kama ilivyo desturi yetu.

Hatua ya nne: Isafirishe keki ya majaribio kwa gari, ikiwa bapa, kupitia barabara yenye matuta.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, niko Nakuru. Kichocheo cha dada yangu wa Kisumu huinuka kisha hudidimia katikati. Kwa nini?

Jibu: Nakuru iko juu zaidi, takriban mita 1,850, na hewa nyepesi huiacha keki ifure kabla haijashikamana. Punguza robo ya beking pauda, ongeza maziwa kidogo, na upandishe joto la oveni kwa nyuzi 10 hivi.

Swali: Nimejaribu katika chombo cha sentimita 20. Kile cha 30 kinahitaji mchanganyiko kiasi gani?

Jibu: Mara 2.25 kwa kimo kilekile, wala si mara moja na nusu. Punguza moto kidogo na uoke kwa muda mrefu zaidi.

Swali: Keki ikitoka kwenye friji hutokwa na matone. Nifanyeje?

Jibu: Iache ndani ya sanduku lililofungwa mpaka ubaridi wake uishe, ndipo ufungue; unyevu wa hewa utafanya matone kwenye sanduku badala ya krimu.