Umebadilishiwa kifaa Uingereza na chenyewe ni kibovu? Dai hela yako

Waswahili wenzangu mlioko Uingereza, hii ni kwa yeyote aliyenunua TV, simu, laptopu, hata maikrowevu, ikaharibika, duka likambadilishia, alafu na hiyo mpya nayo ikaja na shida zake. Wengi hapo ndo wanakata tamaa, maana kila ukienda unaambiwa tutakupa nyingine, mara iache tuipeleke kwa fundi, mara ongea na kampuni iliyotengeneza, unapigwa danadana mpaka unachoka unaitupa stoo. Inaniuma sana kuona mtu anapoteza hela aliyoitolea jasho wakati sheria iko upande wake.

Sheria yenyewe ni Consumer Rights Act ya 2015, kifungu cha kushika ni cha 24. Muuzaji ana nafasi moja tu ya kurekebisha, ama akutengenezee ama akubadilishie. Akishaitumia na kifaa bado kina kasoro basi we ndo unaamua, unakirudisha udai hela, au unabaki nacho wakupunguzie bei. Na kasoro si lazima iwe ileile. Kama TV ya kwanza haikuwa na sauti na ya pili ina mstari kwenye kioo, inahesabika, usikubali kabisa kuambiwa eti hilo ni tatizo jipya tuanze upya.

Kitu cha kwanza, usikifungue wala usimpe fundi wa mtaani. Chukua video kasoro ikionekana, namba ya utambulisho wa kifaa (serial number) isomeke, tunza risiti na zile barua pepe za kubadilishiwa, maana hizo ndo zinathibitisha kwamba nafasi yao wameshaitumia. Alafu waandikie, kuongea kaunta peke yake hakutoshi. Kwa Kiingereza, ila maudhui yawe haya:

"Nilinunua kwenu laptopu hii tarehe fulani kwa pauni 480, namba ya oda ni hii. Mlinibadilishia tarehe fulani kwa sababu ilikuwa haichaji. Hii mliyonipa inajizima yenyewe, video nimeambatanisha. Natumia final right to reject chini ya kifungu cha 24, naomba pauni 480 zirudi kwenye kadi niliyolipia."

Hayo maneno ya Kiingereza, maana yake haki ya mwisho ya kukikataa kifaa, yaache hivohivo, meneja anayajua.

Watakuja na majibu, jiandae. Wakisema nenda kwa mtengenezaji, waambie mkataba wangu ni na nyie mlioniuzia. Wakisema waranti imeisha, waranti ni nyongeza tu, haki ya kisheria inajitegemea. Wakikupa vaucha kataa, hela inatakiwa irudi kwa njia uliyolipia, ndani ya siku 14 tangu wakubali kwamba unastahili. Na gharama ya kuurudisha mzigo kwa posta ni yao.

Sasa muda, hapa ndo pa kuwa makini. Ndani ya siku 30 za mwanzo unaweza kukataa kifaa kibovu ukadai hela moja kwa moja, hata bila kuwapa nafasi ya kutengeneza, na siku unazosubiri wakubadilishie hazihesabiwi. Zikipita hizo wanapata kwanza ile nafasi yao moja, ikishindikana ndo unaingia kwenye kifungu cha 24. Ndani ya miezi 6 sheria inachukulia kwamba kasoro ilikuwepo tangu mwanzo, wao ndo wathibitishe kama umeharibu wewe, na hawaruhusiwi kukata hela kwa ajili ya matumizi. Kwa usalama hesabu tangu ulipopokea kile cha kwanza. Baada ya miezi 6 bado una haki, ila mzigo wa kuthibitisha unahamia kwako, pengine utahitaji ripoti ya fundi, na wanaweza kukata hela kwa ajili ya matumizi.

Na wale mnaotuma vitu nyumbani, tafadhali kiwasheni na kukijaribu kabla hakijaingia kwenye kontena. Kikishafika Dar au Mombasa haki bado ni yako wewe uliyenunua, sio ya mama uliyemtumia, lakini kukirudisha ni shughuli pevu. Pia kama umenunua simu 10 ukauze Kariakoo hiyo ni biashara, sheria hii inamlinda anayenunua kwa matumizi yake au ya familia. Na ukinunua kwa mtu binafsi onlaini, hizi haki za kubadilishiwa na kurudishiwa huna.

Wakigoma kabisa, angalia ulilipaje. Kama ni kredit kadi na bei ya kifaa inazidi pauni 100 na haivuki 30,000, benki inawajibika pamoja na duka kwa kifungu cha 75 cha Consumer Credit Act ya 1974, peleka madai hukohuko. Kadi ya kawaida ya benki (debit), omba chargeback, yaani benki yako ijaribu kukurudishia hela kutoka kwa duka, mapema, muda wake ni mfupi. Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, wanashauri bure, wapigie.

Ikishindikana yote waandikie barua ya mwisho, wape siku 14, kisha fungua madai madogo mahakamani. England na Wales ni hadi pauni 10,000, unajaza onlaini, wakili sio lazima. Scotland njia yao inaitwa Simple Procedure, mwisho pauni 5,000. Una miaka 6 ya kufungua kesi, Scotland 5.