Mashuka meupe na maji ya kisima: ninavyofua matandiko ya wageni Jambiani

Nina vyumba vitatu vya kupangisha wageni wa siku chache hapa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Mgeni anatoka saa 4 asubuhi, mwingine anaingia saa 8 mchana. Msimu wangu wa kwanza niliharibu mashuka sita meupe ndani ya wiki mbili, na wala si wageni walioyaharibu. Niliyaharibu mimi kwa Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Kila nilipoona doa nilimimina, na kila nilipomimina shuka lilizidi kuwa na rangi ya chai. Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba kwenye nyumba za pwani adui wa kwanza wa shuka ni maji yenyewe. Uchafu wa mgeni unafuata nyuma. Kwa hiyo tuanze na maji.

Hatua ya 1: Yajue maji yako

Chukua chupa mbili ndogo. Moja tia maji ya kisima, nyingine maji ya mvua au ya kunywa. Kwenye kila moja kwangulia sabuni ya mche kidogo, funga, tikisa. Ya mvua itajaa povu. Ya kisima ikitoa povu haba na utando mweupe unaoelea kama maziwa yaliyokatika, basi maji yako ni magumu, na utando ule ndio unaobaki kwenye taulo zako mpaka zinakakamaa kama gunia.

Jaribio la pili ni la chuma. Jaza ndoo nyeupe maji ya kisima, iache wazi usiku kucha. Maji yenye chuma hutoka kisimani yakiwa maangavu kabisa, lakini yakikaa na hewa chuma kinageuka kutu na kutulia chini. Asubuhi ukiona vumbi la rangi ya machungwa chini ya ndoo, umepata jibu la kwa nini mashuka yanageuka manjano. Jik hufanya kazi ileile inayofanywa na hewa, tena kwa haraka: inakigeuza chuma kuwa kutu palepale ndani ya nyuzi za shuka. Unaposema unang'arisha, unapaka rangi.

Nifanyeje basi? Maji ya kufulia nayaacha yatulie kwenye pipa tangu jana yake, halafu nachota ya juu na kuyachuja kwa kitambaa kizito. Natumia sabuni ya unga, kwa sababu sabuni ya mche kwenye maji magumu hutengeneza ule utando. Na nimefunga mfereji kwenye bati unaopeleka maji ya mvua kwenye tangi. Maji hayo siyatumii kwa kitu kingine chochote ila kusuuza mashuka meupe mara ya mwisho. Ukiwa na uwezo wa kufanya jambo moja tu katika haya yote, fanya hilo la tangi.

Badala ya Jik natumia unga wa kung'arisha usio na klorini. Unataka maji ya moto kiasi na subira: roweka saa nne au usiku mzima. Jik naiweka kwa ajili ya choo tu. Na hata huko, usiichanganye kamwe na siki, ndimu wala dawa nyingine ya kusafishia. Inatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na anayeivuta ni dada wa watu uliyemwajiri, ndani ya chumba kidogo kisicho na dirisha.

Hatua ya 2: Nunua kwa hesabu

Kila kitanda kiwe na seti tatu: moja imetandikwa, moja inafuliwa, moja iko kabatini imekauka. Ukiwa na seti mbili utajikuta saa 7 mchana unapiga pasi shuka bichi huku mgeni yuko kwenye teksi.

Kwenye taulo watu wanadanganyika na unene. Taulo ya sentimita 70 kwa 140 yenye uzito wa gramu 450 kwa mita ya mraba ina gramu 441. Ya gramu 650 ina gramu 637. Sasa taulo kumi na mbili za kwanza ni kilo 5.3, zinaingia kwa nafasi kwenye mashine ya kilo 7. Za pili ni kilo 7.6, haziingii, na hata ukizigawa mara mbili hazitakauka siku hiyohiyo wakati wa masika. Dukani zile nene zinapendeza mkononi. Nyumbani kwako zitanuka uvundo.

Ongeza na taulo za ufukweni za rangi nzito, mbili kwa kila mgeni, na kitambaa cheusi cha kupangusia uso chooni kwa ajili ya vipodozi. Tangu niweke vitambaa hivyo, wanja kwenye taulo nyeupe umekuwa jambo la nadra.

Hatua ya 3: Kuvua kitanda

Vua kipande kimoja kimoja, usikunje vyote kuwa furushi. Doa la damu lililofichwa katikati ya furushi utalikuta limeshafuliwa kwa maji ya moto, na hapo limekwisha kukita. Kung'uta nje, upande upepo unakoelekea. Mchanga wetu mweupe ni laini kama unga na unaziba chujio la mashine. Mlangoni weka ndoo na kata ya kunawia miguu. Utaokoa mchanga mwingi kuliko kwa kung'uta.

Hatua ya 4: Madoa, kila moja na njia yake

Mafuta ya kuzuia jua. Haya ndiyo yaliyonitoa machozi. Mengi yana kemikali iitwayo avobenzoni, ambayo ikikutana na chuma cha kwenye maji inatoa doa la rangi ya kutu kwenye foronya na sehemu ya mabega. Mgeni alilala kwenye shuka safi, shuka likatoka safi, doa likajitokeza kwenye beseni. Ukitia Jik linazidi kukolea. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo juu ya doa kitambaa kikiwa bado kikavu, maana mafuta yaliyokwisha lowa hayashikiki. Fikicha, acha nusu saa, suuza. Doa la kutu likiwa limebaki, roweka saa moja kwenye maji vuguvugu yenye asidi ya sitriki, vijiko viwili vya chai kwa lita, au kamulia ndimu moja kwa moja. Suuza vizuri, ndipo ufue. Usipige pasi mpaka uhakikishe doa limeondoka.

Hina na piko. Wageni wetu wengi hupakwa ufukweni, na wengine wanalala bila kuosha. Piko ni rangi ya nywele. Ikishakomaa kwenye pamba haitoki, na nimeshaacha kupigana nayo. Namwambia mgeni siku ya kufika, kwa upole: ukipakwa, niambie nikupe shuka jeusi na taulo nyeusi. Hakuna aliyekasirika hadi leo. Namwambia pia kwamba piko inaweza kuunguza ngozi na kutoa malengelenge, aombe hina ya majani peke yake. Doa bichi la hina lisugue palepale kwa maji baridi na sabuni. Kesho utakuwa umechelewa.

Bizari ya manjano. Mchuzi ukimwagika kwenye shuka na ukapaka sabuni, doa la manjano litageuka jekundu. Usishtuke. Bizari hubadilika rangi ikikutana na sabuni, na ukisuuza inarudi manjano. Fua kama kawaida kisha anika kwenye jua kali, doa likitazama juu. Jua linaila rangi ya bizari. Siku mbili za jua zimenitosha mara nyingi.

Damu ni maji baridi kwanza, kila mara. Maji ya moto yanaipika. Na maji ya dafu, ingawa yanaonekana hayana rangi, yasuuze mara yanapomwagika, kwani yakikauka yanaacha doa la kahawia.

Hatua ya 5: Kufua

Usijaze mashine, kiganja chako kiingie juu ya nguo bila kubanwa. Mashuka nafua kwa nyuzi joto 40, taulo kwa 60. Mashine nyingi zinatumia umeme mwingi pale zinapochemsha maji, kwa hiyo anayenunua umeme kwa tokeni ataona tofauti kati ya 40 na 60. Lakini kwenye taulo usibane, uvundo unarudi. Dawa ya kulainisha nguo isiguse taulo, inazifunika nyuzi na taulo inakuwa haifyonzi maji. Mimi natia nusu kikombe cha siki nyeupe kwenye maji ya kusuuzia.

Suuza mara mbili ikiwa kisima chako kina chumvi. Chumvi inayobaki kwenye kitambaa inavuta unyevu kutoka hewani, ndiyo maana kuna mashuka ambayo yameanikwa juani kutwa na usiku mgeni anasema kitanda kimelowa.

Kanga na vikoi vipya vya wageni, wakiomba uwafulie, fua peke yake. Rangi inachuja mara za mwanzo. Nilishapata seti nzima ya rangi ya waridi kwa sababu ya kikoi kimoja.

Hatua ya 6: Kuanika na kuanua

Kamba yangu iko nyuma ya nyumba, ukuta ukiikinga na bahari. Wakati wa kusi upepo unakuja na manyunyu ya maji ya chumvi, na shuka lililoanikwa mbele linarudi na chumvi yote uliyoisuuza. Anika kuanzia saa 3 asubuhi, anua kabla ya saa 10 jioni. Ukiacha hadi magharibi, umande unaanza kuingia tena.

Meupe juani, ya rangi kivulini. Vyandarua vyenye dawa pia kivulini, kwa sababu jua linaharibu dawa. Vifue kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, bila Jik. Chandarua cha dawa ya kudumu hukusudiwa kuhimili kufuliwa mara 20 hivi, kwa hiyo usikifue kila mgeni anapotoka. Kikung'ute tu.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni habari nyingine. Naanika barazani chini ya paa na feni ikiwa imewashwa, shuka moja kwa kila kamba, bila kulikunja mara mbili. Nikipokea nafasi za wageni miezi hiyo naacha usiku mmoja kati ya mgeni na mgeni. Napoteza pesa ya usiku huo, ndiyo. Shuka lenye koga linanipotezea zaidi.

Hatua ya 7: Ukitumia dobi

Hesabu mbele yake, andika, yeye naye aandike. Dobi mmoja alinirudishia foronya za hoteli ya jirani, na zangu hazikuonekana tena. Sasa kila chumba kina uzi wake kwenye pindo: bluu, kijani, mwekundu. Kazi ya dakika moja kwa sindano. Mweleze pia kuhusu Jik, tena kwa ukali kidogo, kwa sababu wengi wao wanaitia bila kuulizwa. Na umlipe siku hiyohiyo. Kufua mashuka kumi na mbili kwa mkono ni kazi inayovunja mgongo.

Hatua ya 8: Kuhifadhi

Kabla ya kukunja, weka shuka shavuni, si mkononi. Shavu linahisi unyevu ambao kiganja hakiuoni. Kabati lisigusane na ukuta, hasa ukuta wa mawe na chokaa, acha nafasi ya ngumi moja nyuma. Udi na asumini tunavipenda sote, lakini shuka la mgeni liache bila harufu. Wapo wenye pumu, na mgeni anayeingia chumbani hunusa kwanza kabla ya kutazama.

Shuka lililoshindikana nalikata vipande vya kupangusia miguu na vioo. Vipande vya yale mashuka sita ya msimu wa kwanza bado ninavyo, vyenye rangi ya chai, kwenye ndoo ya kunawia miguu pale mlangoni.