Kutazama filamu ya zamani kwa macho ya leo: hatua ninazofuata

Nimeendesha vikao vya kutazama na kujadili filamu za zamani kwa miaka kadhaa, na ugomvi ni uleule: mmoja anakerwa na ubaguzi uliomo na anataka filamu izimwe, mwingine anasema "enzi zile ndivyo ilivyokuwa." Wote wawili wana haraka. Mimi huenda hivi.

1. Itazame yote bila kusimamisha. Palipokukera, andika dakika tu kwenye karatasi. Hukumu ingoje.

2. Rudi kwenye dakika hizo, ujiulize: tunaalikwa kumcheka nani? Hapa ndipo penye kazi. Filamu kuwa na mhusika mbaguzi si sawa na filamu yenyewe kubagua. Chukua Breakfast at Tiffany's ya 1961. Mickey Rooney, Mzungu, anaigiza jirani Mjapani akiwa na meno ya bandia yaliyochomoza. Anapotokea mara ya kwanza, anakurupuka usingizini na kujigonga kichwa kwenye taa. Hakuna aliyemtukana, dhihaka yote imo kwenye meno, lafudhi na ule mgongano. Anayedhihaki ni filamu yenyewe.

Kwa vichekesho vya televisheni, zima sauti kabisa. Kicheko cha kurekodiwa kikishaondoka, mara nyingi unabaki na mume anayemtisha mkewe, basi.

3. Angalia mwaka na masharti yake. Hollywood ilibanwa na Kanuni ya Hays, masharti ya maadili ya filamu, iliyosimamiwa kwa ukali kuanzia 1934 na kuachwa 1968. Ilikataza kuonyesha mapenzi kati ya Weusi na Wazungu, kwa hiyo usimlaumu mwongozaji moja kwa moja kwa kila kinachokosekana. Kwenye televisheni nako, mwigizaji Lucille Ball alionekana na mimba yake katika kichekesho cha I Love Lucy mwaka 1952, lakini neno lenyewe "mjamzito" halikuruhusiwa kutamkwa!

4. Ipime ile kauli ya "enzi zile". Enzi za nani? The Birth of a Nation, filamu inayowadhalilisha Weusi, ilipotoka 1915, NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi Marekani, iliipinga mwaka huohuo. Na Hattie McDaniel, mwigizaji Mweusi aliyepata Oscar mwaka 1940 kwa kuigiza mtumishi Mammy katika Gone with the Wind, filamu ya enzi za utumwa, usiku ule aliketishwa meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake Wazungu. Tangu nijue hilo, kila Mammy anapoingia namwangalia zaidi mwigizaji kuliko mtumishi anayemwigiza.

5. Hakiki toleo. Linganisha urefu wake na wa filamu asilia, maana mengine yamepunguzwa kimyakimya. HBO Max, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, iliiondoa Gone with the Wind mwaka 2020, kisha ikairudisha nzima, ikiwa na utangulizi wa maelezo. Nami siku hizi huongea dakika mbili tatu kabla ya kuwasha, sikati kitu. Niliwahi kuruka onyesho moja nisiwaudhi watu. Mtu wa nyuma akauliza mbona yule dada analia ghafla, ikabidi nirudishe nyuma tuliangalie.