Kusahihisha skripti 280 bila kumuonea mtu

Kama ndo umeajiriwa chuoni juzi na umetupiwa kozi ya fest yia yenye vichwa 280, nikwambie mapema, kufundisha utazoea, kitakachokutoa jasho ni kusahihisha. Mimi test yangu ya kwanza nilikuwa nachukua skripti moja naisahihisha swali la 1 mpaka la 5 naweka pembeni nachukua nyingine, siku ya tatu nikaja kugundua wa asubuhi nimewapa 6 na wa usiku, jibu lile lile, nimewapa 3, kisa umeme umekatika na nina njaa. Nikaanza upya zote.

Sahihisha swali moja kwa watu wote, ukimaliza ndo uende la pili. Kichwani unakuwa na jibu moja tu kwa hiyo unaenda chapchap, halafu kila swali likiisha zichanganye skripti ili yule uliyemfikia ukiwa umechoka asiwe wa mwisho tena. Jalada likunje nyuma, jina usilione.

Mgawanyo wa maki uandike siku unayotunga swali, sio baada ya kuona majibu. Kisha ujaribu kwa skripti kama 10, kwa penseli. Hapo ndo utajua swali lako lenyewe lilikuwa bovu, nusu ya darasa wameelewa kitu kingine kabisa, na hilo sio kosa lao, rekebisha mwongozo.

Mfano nafundisha takwimu. Data ni 4, 6, 8, 10, 12, jumla 40, wastani 8, varianzi nayo 8 (toa wastani kwenye kila namba, jibu lizidishe kwa lenyewe, jumlisha yote, gawa kwa 5). Mtoto wa watu kajumlisha kapata 45, wastani wake 9, akaendelea na 9 yake hatua kwa hatua mpaka varianzi ikatoka 9. Wengi hapo wanachora mikasi mpaka chini, sifuri. Sasa chukua 9 yake upige mwenyewe: 25+9+1+1+9 ni 45, gawa kwa 5 unapata 9. Njia anaijua! Mkate maki 1 ya kujumlisha basi, huko mbele mpe zake zote.

Skripti zenye maki 39 zitoe pembeni uzisome tena kabla hujapeleka matokeo, maana vyuo vyetu vingi C inaanzia 40 na hiyo maki moja ni sup, yaani kurudia mtihani. Na jumlisha mara mbili aisee, malalamiko mengi yanayoletwa ofisini kwangu sio ya kuonewa, ni mwalimu hakufungua ukurasa wa mwisho.

Maoni marefu kwa watu 280 sahau, orodhesha makosa matatu yaliyojirudia uyapige ubaoni siku unarudisha test, na urudishe kabla ya UE (mtihani wa mwisho wa muhula), baada ya hapo yanamsaidia nani?

Halafu skripti usipande nazo daladala.